Panda Wewe Kwanza

Tarehe 6 Februari

Shikamoo Dada,

Nimepata kazi! Ile ya utafiti niliyokuambia sitaipata. Tuko kumi na wawili, tumegawanywa wawili wawili, na kila jozi imepewa mizani moja, tepu moja na rundo la madodoso. Tunapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wanawake wa miaka kumi na minane hadi hamsini: una umri gani, umesoma hadi wapi, umeolewa, umezaa mara ngapi, unafanya kazi gani, ukiwa kazini unakaa, unasimama au unatembea, nyumbani kuna televisheni, kuna friji, nani anapika, nani anaamua kinacholiwa. Maswali sitini na mbili. Mwisho kabisa ndipo tunasema kwa sauti ya upole, "Tafadhali vua viatu, upande hapa." Hapo ndipo sinema inapoanza.

Dada, watu wanaogopa mizani kuliko polisi. Jana mama mmoja alijibu yote sitini na mbili kwa bashasha, hadi mimba zilizoharibika akazitaja. Nilipotoa mizani kwenye begi akasema anakwenda kuzima jiko. Tukasubiri robo saa nzima. Mwenzangu akachungulia jikoni: mlango wa nyuma uko wazi na jiko halikuwashwa tangu asubuhi. Mwingine alivua viatu, hereni, bangili, kilemba, akaanza kufungua vifungo vya blauzi, nikamwambia mama, hapo panatosha. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Huku simu inashika ukipanda ngazi ya tangi la maji la shule. Nimepanda mara nne, yako inaita hadi inakata. Ina nini? Basi naandika. Gari la utafiti linarudi mjini kupeleka madodoso, na dereva amekubali kumwachia mlinzi wa kiwandani kwenu barua zangu na kuchukua zako.

Nakutumia dodoso moja tupu. Lijaze kwa mchezo tu, nione ungekuwa mhojiwa wa namna gani. Wasalimie shemeji na watoto. Mama anasema umenawiri sana.

Mdogo wako,
Njiti

*

Tarehe 20 Februari

Marahaba Njiti,

Hongera kwa kazi. Hata kama ni ya kuwafukuza wanawake wa watu hadi jikoni. Simu yangu imeharibika, nakusikia ila wewe hunisikii, kwa hiyo usijichoshe kupanda matangi, utaanguka bure. Barua ni bora.

Dodoso nimelijaza wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakinichungulia. Umri: thelathini na tisa, ila nikiulizwa na wageni ni thelathini na sita. Elimu: darasa la saba na miezi mitatu ya cherehani. Nimeolewa, mume mmoja, dereva wa lori, wiki yupo wiki hayupo. Nimezaa wanne, wote wazima. Kazi: nashona sare za shule, kola na mifuko. Ninapokuwa kazini nakaa. Nakaa saa kumi, halafu nikifika nyumbani nasimama saa tano jikoni. Karatasi yako ina kisanduku kimoja cha kukaa na kimoja cha kusimama, nikaweka tiki kote kuwili.

Televisheni ipo. Friji ipo, ina maji. Nani anapika: hapo nimecheka peke yangu. Nani anaamua kinacholiwa: wanaamua watoto, anaamua baba yao, anaamua wifi yangu akiwa amekuja, na huyo siku hizi haishi kuja. Mimi nakula walichobakiza, nimesimama pale kwenye sinki, kwa sababu kumwaga chakula siwezi. Hilo hamkuweka kisanduku.

Uzito nimeacha wazi. Mara ya mwisho kupanda mizani nilikuwa na mimba ya huyu wa mwisho, na kilo zilipoonekana nesi alinipigia makofi. Andika unachotaka.

Kiwanda kimehamia ghorofa ya tatu. Kuna upepo mzuri sana. Tuko salama wote.

Dada yako

*

Tarehe 6 Machi

Shikamoo Dada,

Umenichekesha, lakini umeniharibia dodoso. Kisanduku kimoja, tiki moja! Na uzito ndio roho ya utafiti, bila uzito karatasi nzima haina kazi. Nilimwonyesha msimamizi wetu, sikusema ni ya nani, akasema ndio hao, maneno mengi, mizani hawaitaki.

Tumeshapima wanawake mia mbili na kumi, na ukizipanga karatasi kwa mafungu, mambo yanaonekana yenyewe. Wasichana wembamba, waliovuka thelathini na tano wazito. Asiyeolewa mwembamba, aliyeolewa mzito. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja kama vile ameacha mzigo wake kwa mama na kwenda zake kucheza. Karatasi za wenzetu walio mjini ni nzito kuliko zetu. Msimamizi anasema usitafute mbali, ni uvivu: mwanamke akishapata mume na kiti, amemaliza safari. Simkubalii yote. Lakini kweli, Dada, wapo ninaowaona wanakaa tu.

Jana nilimpima mmoja wa umri wako, watoto wanne kama wewe, mshonaji kama wewe. Alipopanda, mizani ikalia na kuandika herufi badala ya namba. Mwenzangu akasema, "Imekataa mzigo." Tukacheka njia nzima. Nikakukumbuka.

Jaribu kutembea kidogo. Punguza sukari kwenye chai. Si kwamba nakusema.

Na ile nguo ya harusi utakayonishonea usianze kuikata, harusi ni Agosti, bado mbali, na vipimo vinaweza kubadilika.

Njiti

*

Tarehe 17 Aprili

Njiti,

Barua yako imekaa kwenye droo ya cherehani wiki sita. Kila nikivuta droo kuchukua uzi naiona.

Ulimcheka mwanamke aliyekataliwa na mizani, ukanikumbuka. Ahsante kwa kunikumbuka.

Wewe ulikuwa shuleni, kuna mambo huyajui. Kabla ya cherehani nilikuwa msoma mita za maji. Kofia, daftari, mitaa saba kwa siku kwa miguu, mbwa wote wa mji wananifahamu. Nilikuwa mwembamba kuliko wewe. Unajua walisema nini? Mama alisema namtia aibu, watu watadhani nimeolewa na njaa. Wifi alisema chini chini kwamba labda nina ule ugonjwa, akawa anaosha kikombe nilichonywea mara mbili, mbele yangu. Nilipojifungua wa pili, mkubwa wetu kazini akasema mita hazisomwi na mtoto mgongoni. Nikaenda kuomba kiwandani kwa sababu kule ungeweza kumlaza mtoto chini ya meza, ukamsukuma kwa mguu mmoja na kukanyaga cherehani kwa mwingine. Sikuchagua kiti. Nilichagua mtoto, kiti kikaja pamoja naye.

Nilipoanza kunenepa Mama alinikumbatia. Mwenye duka akaanza kuniita mama na kunipa kigoda nikisubiri. Wifi akaacha kuosha kikombe. Mume wangu akawa ananitembeza kwa rafiki zake kama gari jipya. Kila mtu alifurahi, Njiti, na mimi nikafurahi pamoja nao. Hakuna aliyeniambia simama hapo, imetosha. Nambie, mwanafunzi wa wazito, mpaka ulikuwa wapi? Nilizaa wa tatu, nilizaa wa nne, na siku moja watu wale wale wakaanza kunipa njia mlangoni.

Kiwandani wananiita Tani. Naitika.

Usinitumie fomu tena.

Dada yako

*

Tarehe 2 Mei

Shikamoo Dada,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi ya tangi, nikaisoma tena nyumbani kwa mama ninayepanga kwake, nikatoka, nikazunguka uwanja wa shule mara sijui ngapi. Sina la kujitetea. Nisamehe. Yule mshonaji tuliyemcheka nilirudi kwake. Sikujua nitasema nini, nikasema nimesahau kalamu. Akatafuta nyumba nzima kalamu ambayo haikuwepo, kisha akanipa ya mwanawe. Nimekaa nayo, inaniunguza.

Sasa nikuambie kilichonipata wiki iliyopita, halafu unihukumu vizuri.

Tuliingia saluni ya chumba kimoja. Mwenye saluni ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Wateja watatu, mmoja nywele nusu zimesukwa. Akajibu maswali huku anasuka, hakuacha hata moja. Nilipoweka mizani sakafuni akasimama, akaitazama, akanitazama mimi.

"Panda wewe kwanza," akasema.

"Mama, mimi ndiye ninayepima."

"Najua. Panda. Kama ni kitu kizuri, kianze na mwenyewe."

Wateja wakaanza kupiga makofi. Nikavua viatu, nikapanda. Akainama akasoma kwa sauti, "Arobaini na moja." Yule wa nywele nusu akasema, "Huyu ndiye katumwa kuja kutupunguza sisi?" Walicheka, lakini mwenye saluni hakucheka. Akanishika mkono, akaniuliza polepole, "Mwanangu, nani anakunyima?" Nikaanza kulia, Dada. Juu ya mizani, mbele ya watu, nikiwa kazini.

Hakuna anayeninyima. Ni hivi. Mchumba wangu aliponipeleka kwao, shangazi yake alinizunguka kama anakagua mbuzi, akasema, "Huyu tukimtuma dukani si upepo utamrudisha?" Halafu akaniuliza kama kwetu wanawake huwa wanabeba mimba hadi mwisho. Mchumba wangu alitazama saa yake. Tulipotoka akaniambia shangazi anatania tu, lakini jitahidi kidogo kabla ya Agosti.

Basi ninajitahidi. Tangu Januari nakunywa vidonge vya kunenepesha. Nanunua kwa mwanamke anayepitisha vipodozi, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, havina jina. Vinanipa usingizi na njaa isiyoisha. Uso umevimba hadi mwenzangu anadhani nalia kila siku. Kilo ziliongezeka tatu, zikaondoka nne. Moyo unanidunda nikiwa nimekaa. Ndiyo maana nilikuambia usikate nguo. Nilikuwa nawapima wenzangu na kuwacheka kwa kile ninachokiomba mimi.

Mama asijue.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Mei

Njiti mdogo wangu,

Vitupe. Ukimaliza sentensi hii inuka ukavitupe chooni, halafu urudi kusoma. Na uende kwa daktari umwambie ulichokunywa, usione haya, wao wameshaona makubwa zaidi.

Umeshatupa? Haya.

Kwa kuwa wewe umesema, na mimi nitasema. Simu yangu haina ubovu wowote. Sipokei kwa sababu ungesikia ninavyohema. Tangu kiwanda kihamie juu, ngazi ni hamsini na nne. Mwezi wa Januari nilifika ya arobaini, ukuta ukazunguka, nikajikuta nimelala na kichwa changu kwenye mapaja ya mwanamke anayeshona vifungo, ananipepea kwa kipande cha kola. Wakanipeleka zahanati. Presha. Nesi aliipima mara tatu, akaita mwenzake naye akapima, wakatazamana. Akanipa vidonge, akasema mama, hivi ulivyo utaacha watoto. Punguza mwili, tembea, rudi kila mwezi. Alisema kama mtu anayeniagiza ninunue chumvi.

Natembea. Nashuka kwenye basi mapema, natembea kutoka gereji kubwa hadi kiwandani, asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza nilitaka kulia njia nzima. Sasa nimepungua kilo tano. Gauni langu la kijani ilibidi nilipunguze mbavuni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wifi aliliona. Akasema, "Mbona unakonda, au nyumba imekushinda?" Jirani akauliza nani anaumwa kwetu. Mume wangu alirudi safari, akaliona gauni limekunjwa kitandani na nyuzi mpya. Akauliza, "Unampendezea nani?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

Utasema nimwambie kuhusu presha. Siwezi. Mama yake aliondoka kwa presha, alianguka akianika nguo, na mwanaume yule mpaka leo ukitaja neno hilo anatoka nje. Halafu, nikuambie kweli, ni mtu anayeamini kwamba unene wangu ndio cheti chake cha kunitunza. Nikimwambia mwili anaousifu ndio unaoniua, nitakuwa nimemwambia nini? Acha adhani nina mwanaume. Hilo litapita.

Usimwambie. Naomba uniapie kwa jina la baba yetu. Na wala usiniite Tani hata kwa utani.

Dada yako

*

Tarehe 15 Mei

Shikamoo Shemeji,

Utashangaa kupata barua yangu, nimemwomba dereva wa utafiti akuachie yadi ya malori, si kiwandani. Dada yangu aliniomba nisikuambie na sikumjibu bado, kwa hiyo sijaapa. Ni hesabu ya kitoto, lakini ndiyo niliyo nayo.

Hana mtu mwingine. Ana presha. Alianguka kwenye ngazi za kiwandani mwezi wa Januari. Anatembea kwa sababu zahanati wamemwambia atembee, na amekonda kwa sababu hataki kufa. Hakukuambia kwa ajili ya marehemu mama yako, na kwa ajili ya namna unavyomsifu mbele ya watu.

Nimepima wanawake mia nne. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja ni nani anayeogopa kumwona akikonda. Karatasi haina swali hilo. Nakuuliza wewe.

Shemeji yako,
Njiti

*

Tarehe 29 Mei

Marahaba Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika, utavumilia mwandiko.

Barua yako niliipata Alhamisi. Jumanne nilikuwa nimeshamfuata. Usikie kwangu kabla hujasikia kwa mwingine. Nilimwambia naenda kupakia mzigo, nikaliacha lori yadi, nikapanda basi la nyuma yake. Nilitaka kumwona huyo mwanaume. Nilikuwa nimeshapanga na maneno.

Alishuka kwenye gereji kubwa. Akatembea nguzo tatu za umeme, akasimama, akashika ukuta. Nguzo tatu, akashika ukuta. Nikasema anamsubiri. Hapakuja mtu. Mbele kidogo akakaa juu ya tairi lililotupwa, akafungua kifungo cha shingoni, akawa anajifuta uso. Mafundi wa gereji wakampigia miluzi, wakamwita jina fulani la uzito. Akawapungia mkono kama amesalimiwa, akainuka, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda cha vocha. Nilishindwa kutoka. Ningetoka ningesema nini?

Unauliza nani anaogopa. Siku ya harusi yetu mjomba wenu alimshika dada yako mkono huku juu, akauzungushia vidole viwili, vidole vikakutana. Akaniambia mbele ya watu, "Ole wako nimkute hivi hivi mwakani." Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kila alivyoongezeka nilisema moyoni, mjomba na aje aone. Alipokufa mjomba niliendelea kusema.

Maneno niliyomwambia juu ya lile gauni sitayaandika hapa.

Barua yako niliiweka mezani aione. Nisamehe kama nimekuponza.

Shemeji yako,
Dereva

*

Tarehe 12 Juni

Njiti,

Nimekasirika na sitaki nijifanye sikukasirika. Nilikupa siri ukaifungia bahasha.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta barua yako katikati ya meza kama sahani. Yeye kasimama dirishani, mgongo kwangu. Akaniuliza, "Kwa nini mimi ni mtu wa mwisho kujua?" Nikamjibu, "Kwa sababu ulikuwa wa kwanza kufurahi." Siku mbili hatukusemezana, watoto wakawa wanapeleka ujumbe: mwambie baba maji yamechemka, mwambie mama nimesikia.

Siku ya tatu akaja na mimi zahanati. Hakuomba ruhusa, nilimkuta tu mlangoni amevaa viatu. Nesi yule alimweleza yeye mambo yote kana kwamba mimi ni lori limeletwa kutengenezwa. Nilivumilia, halafu nikasema, "Niko hapa, niambie mimi." Mume wangu akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Walipofunga mkono wangu kupima, alitoka nje. Nikamwona kupitia dirishani, ameinama, mikono magotini. Kisha akarudi ndani akakaa.

Wifi alikuja Jumapili na maneno yake ya kukonda. Safari hii kaka yake alimjibu: "Anaumwa presha, kama mama. Ukimwona na gauni kubwa tena ndio uje uulize." Wifi akalia. Sikujua naye anaogopa. Ana mwili kama wangu, na hajawahi kupimwa.

Bado nimekukasirikia. Lakini andika. Vidonge umeacha?

Dada yako

*

Tarehe 26 Juni

Shikamoo Dada,

Nimeacha. Daktari amenipima moyo na damu, anasema nimewahi. Siku kumi za kwanza nilikuwa natetemeka na kumkasirikia kila mtu, hata kuku wa mwenye nyumba.

Mchumba wangu nilimweleza yote, vidonge na saluni. Alisikiliza. Kisha akasema atazungumza na shangazi. Baada ya wiki akarudi na jibu kwamba harusi isogezwe mbele hadi nikae sawa. Nikamuuliza, "Sawa ya nani?" Akatazama saa. Dada, nilivua pete palepale nikamwekea juu ya ile saa. Alipoondoka nilikaa nikisubiri machozi. Hayakuja. Ikaja njaa, ile ya kawaida, ya mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi. Nikapika, nikala nimekaa. Mama sijamwambia bado, nazunguka zunguka nikitafuta pa kuanzia.

Utafiti unaisha. Msimamizi alisoma muhtasari mbele yetu: umri, ndoa, uzazi, kazi ya kukaa, kuishi mjini. Yote ni kweli, niliyapima mwenyewe. Mwishoni akarudia neno lake la uvivu, nikanyoosha mkono. Nikasema nimejaza karatasi mia nne na kumi na sijakutana na mvivu, nimekutana na watu waliokula wamesimama. Wengine wakacheka. Akaniambia nikae. Nikamwambia nimekaa vya kutosha. Sijui nitapata kazi kwake tena.

Nisamehe kwa ile barua. Ningeiandika tena.

Njiti

*

Tarehe 24 Julai

Mdogo wangu,

Kuhusu pete umefanya vizuri, na Mama niachie mimi, nitampelekea habari ikiwa imeshapoa.

Sasa sikia ya kwangu. Natembea, nakunywa dawa, lakini presha imeshuka kidogo tu, na nesi anasema saa kumi za kitini zinakula faida yote ya barabarani. Nilianza kuwa na wasiwasi wa ajabu. Nakaa kwenye cherehani, miguu inanitembea chini ya meza peke yake. Nilikwenda kuuliza kazi ya mita. Kijana wa mapokezi hakunyanyua hata uso: wanachukua waliomaliza kidato cha nne, chini ya miaka thelathini na tano. Nikarudi kitini kwangu.

Wiki iliyofuata mkataji wetu mmoja aliacha kazi. Wakataji walikuwa watatu, wote wanaume, wanasimama kutwa kwenye meza ndefu na kuizunguka na mkasi mkubwa. Tangu nianze kiwanda kile sijaona mwanamke pale. Nikamfuata bosi.

"Naomba meza ya kukatia."

Akadhani nimekosea. "Wewe? Utasimama kutwa na mwili huo?"

"Mwili huu unasimama jikoni saa tano kila siku na hakuna aliyewahi kuushangaa."

"Mkasi ni mzito."

"Na mimi ni mzito. Tutaelewana."

Wenzangu waliangua kicheko, cherehani zikasimama zote. Mwanamke wa vifungo akasema kwa sauti, "Mpe, bosi, si unampa wiki moja tu!" Na wengine wakadakia, mpe, mpe. Bosi akanipa wiki moja, nadhani ili tunyamaze. Siku ya kwanza nilikata kola kumi na nane kichwa chini miguu juu, nikazikata upya kwenye vipande vilivyobaki, hakuna aliyejua. Siku ya tatu visigino viliwaka moto nikajiuliza nimejitakia nini. Jioni ile nilikuta mume wangu amewasha jiko. Alichopika hakikulika, Njiti, watoto waliniangalia kwa huruma. Lakini nilikaa mezani na kila mtu, na nikapakuliwa wa kwanza.

Wiki ilikwisha jana. Bosi alipita, akahesabu vipande, akavuta kimoja akakipima kwa tepu pande zote. Akakirudisha, akaondoka. Leo nimekuta jina langu kwenye orodha ya wakataji, jina lenyewe, lile la cheti cha kuzaliwa. Nimelisoma mara mbili, kwa kuwa kwa muda mrefu hakuna aliyeliandika pale.

Presha bado iko juu. Nesi anasema tutaona. Sina uhakika na chochote na siwezi kutulia, hata barua hii naandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukatia na kitambaa cha bluu kinanisubiri pembeni. Miguu inaniuma kama ya mtu aliyetoka mbali sana.

Wanagonga kengele. Nazunguka upande wa pili.

Dada yako